Uvimbe Usiokandwa

Jumanne, 2 Machi

Leo mwanangu amempasua mteja kichwa kwa mizani ya bucha.

Mteja aliuliza tu kwa nini mfupa umezidi nyama. Ni swali linaloulizwa kila bucha tangu ng'ombe aumbwe. Mwanangu akamkaba shingo, akamgonga kwenye sahani ya mizani, akarudia, mshale ukazunguka kama umepagawa. Nilipofika nilikuta damu ya mtu kwenye vigae na damu ya ng'ombe kwenye gogo, nikawa sijui nianze kufuta ipi.

Nimekwenda kwa yule mteja. Nimepiga magoti mlangoni kwake huku mkewe ananitazama. Nikasema yale nisemayo siku zote: "Mnisamehe jamani. Ni mwanangu, namjua. Hana ubaya, ana mkono mwepesi tu."

Mteja alikuwa amefungwa kitambaa kichwani. Akasema, "Mkono mwepesi, mama? Ungekuwa mzito si mngenizika?" Tukacheka kidogo, yakaisha.

Hakujua kwamba asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia mwanangu ugonjwa umepanda. Mwaka jana walimkata doa jeusi kwenye unyayo, doa ambalo sisi wote tulidhani ni mwiba ulioozea ndani. Kumbe ni saratani. Sasa ana mtoki kwenye kinena, mgumu kama kokwa. Imehama nyumba tu, haijahama mtaa.

Wateja wanamwita Shoka. Nimemzaa mimi, lakini siku nyingine hata mimi humwita hivyo.

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema mkono usioandika husahau. Mimi nimejua kuandika nikiwa na mvi tayari, sitaki usahau. Mvua imeanza.

Jumatano, 3 Machi

Mvua. Shoka hakula.

Ijumaa, 5 Machi

Tumekwenda hospitali watatu, mimi, Shoka na mkewe. Mkewe tunamwita Mama Chiriku, kwa sababu mjukuu wangu anaongea bila kumeza mate, tukampa jina la ndege. Mama yake ni kinyume. Unaweza kukaa naye chumba kimoja ukasikia maji yakichemka, yeye usimsikie. Mwanamke kimya hivyo humtia mume hasira. Ndivyo nionavyo mimi.

Daktari ni binti mdogo, miwani kubwa kuliko uso. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, wala si nyuma ya meza.

"Mama, mwilini kuna askari. Kazi yao ni kukamata wageni wabaya wanaoingia."

"Basi mbona hawajaukamata huu?"

"Kwa sababu si mgeni. Umezaliwa humohumo ndani. Umevaa nguo za nyumbani. Askari anapita, anautazama, anasema huyu namjua, anaendelea na doria yake."

Akanionyesha kitu kwenye kisahani cha kioo, kama kipande cha ute wa yai ulioganda. Anakiita sifongo. Kina vitundu vidogo mno, hata jicho la sisimizi halivioni. Ndani watatia vipande vya ule ugonjwa wa Shoka mwenyewe, vilivyokwisha kuuawa, pamoja na dawa ya kuwaita askari. Watakipandikiza chini ya ngozi ya paja. Askari wataingia kwenye vitundu, waonyeshwe ile sura mpaka waikariri, kisha watoke wakaisake mwili mzima. Sifongo yenyewe itayeyuka polepole, iishe.

"Kumbe ni darasa," nikasema.

"Darasa kabisa, mama."

"La watu wazima."

Akacheka mpaka miwani ikateleza. Shoka hakucheka. Alisema, "Yaani mnanitia sifongo kama sufuria?" Akasaini. Mama Chiriku aliuliza neno moja tu: "Atapona?" Daktari akasema dawa bado inajaribiwa, wengine imewasaidia, wengine hapana.

Jumatatu, 8 Machi

Wameipandikiza sifongo. Kidonda ni kidogo, urefu wa ukucha, paja la kulia. Nesi ni mtu mzima kama mimi, sauti ya kengele. Alituweka mstari, mimi na Mama Chiriku, akatupa masharti:

"Patavimba. Patakuwa pa moto. Atashikwa na homa. Hiyo ndiyo kazi inafanyika, msiogope. Msipake mafuta, msifunge kitambaa cha kubana, na nawaomba sana, msikande. Kila mgonjwa akifika hapa ninamkuta mama yake ameshamkanda. Maji ya moto na kubonyeza vinaipasua ile jeli ya sifongo, askari wanatawanyika kabla ya somo. Nimeeleweka?"

Nikasema nimeelewa.

Jumatano, 10 Machi

Sikuelewa. Au nilielewa kwa masikio, mikono haikuelewa.

Leo pamevimba kama ngumi. Pamewaka. Shoka amelala anasaga meno, jasho linamtoka, anasema "Mama, linaniua." Ana miaka zaidi ya thelathini na ananiita vile alivyoniita siku ile alipoangukiwa na mlango akiwa mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nesi hakumzaa.

Basi nikachemsha maji. Nikatia chumvi. Nikachukua kitambaa, nikakikamua, mvuke unapanda. Maisha yangu yote nimekanda. Nimemkanda mume wangu, nimewakanda wazazi, nimekanda majipu ya mtaa mzima. Kitambaa kimebaki kama shubiri moja kufika pajani ndipo Mama Chiriku akanishika mkono.

Alinishika kweli, kwa kucha. Akasema, "Mama, hapana. Nesi amekataza."

"Niache, namwona mwanangu anavyoteseka."

"Hapana, mama. Utaipasua."

Sijawahi kumsikia akisema mara mbili. Tukavutana, maji yakamwagika kwenye mkeka. Shoka akafumbua macho. Alichokiona ni mkewe amemkamata mama yake mkono.

Kando ya kitanda kulikuwa na kopo la bati la kunywea maji, lile zito. Sikuona alivyolichukua. Niliona lilivyofika. Lilifika mdomoni mwa mkewe kwa sauti kama unavunja mfupa wa mchuzi kwenye gogo. Akapiga la pili, akiwa amelala vilevile, la tatu likampata shavuni, chini ya jicho, ngozi ikafunguka. Alimshika nywele asianguke ili aendelee. Mgonjwa yule, mwenye homa ile. Nguvu ilitoka wapi?

"Unamshika nani mkono? Unamshika nani, wewe?"

Mama Chiriku hakulia. Damu ilimtoka ikaingia ndani ya beseni langu, maji ya kukandia yakawa mekundu.

Nikafanya nini mimi? Nilisema, "Basi mwanangu, basi, utaumiza mguu wako." Kisha nikamgeukia mkewe nikasema, "Na wewe nawe, si ungenong'ona tu?"

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema.

Uvimbe haukukandwa.

Alhamisi, 11 Machi

Chiriku ameokota jino la mama yake chini ya kitanda. Ameniletea mkononi. "Bibi, na la mama litaota jingine kama langu?"

Ijumaa, 12 Machi

Kliniki. Mama Chiriku hakuja, uso haujashuka. Nesi akagusa uvimbe kwa kidole kimoja, taratibu.

"Hamkukanda?"

"Hatukukanda," nikasema.

"Safi sana! Jeli nzima, haijapasuka. Mngekanda tungeanza upya, na huyu hana muda wa kuanza upya. Nani anamwangalia nyumbani?"

Shoka akasema, "Mama yangu."

Nesi akanipiga bega. "Hongera, mama. Umemwokoa mwanao."

Nikasema asante. Nilirudi nyumbani na hongera ya mtu mwingine mdomoni, na jino la mwenyewe lipo kwenye kibweta changu, sijui kwa nini nimelitunza.

Jumapili, 14 Machi

Homa kali. Mvua kali. Paa linavuja juu ya jiko.

Jumatatu, 15 Machi

Homa.

Jumapili, 21 Machi

Wiki nzima Shoka amekuwa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Hana nguvu ya kuinua kijiko. Anasema "tafadhali." Anamwita Mama Chiriku "mke wangu," na sauti yenyewe haina kona. Leo Chiriku alimpandia tumboni akamhadithia habari za paka wa jirani, hadithi ndefu isiyo na kichwa wala mkia, naye akaisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Halafu paka akasema nini?" Nilitoka nje nikalia kwa furaha. Nikasema, ndiye huyu mwanangu. Nilisema namjua, watu hawaniamini.

Choo kiko mwisho wa ua. Mama Chiriku anambeba mgongoni kwenye mvua, mtu mzima yule, miguu inaburuta matope. Anambeba kwenda na kurudi, hasemi.

Mchana tulikuwa tunachambua mchele pamoja. Nikamwambia, "Mbona hufurahi? Mumeo ametulia, na nesi anasema dawa inafanya kazi."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mama, akipona naogopa. Asipopona naogopa. Niambie wewe nifurahie lipi."

Nilitazama shavu lake. Kidonda kimefunga, kimeacha mstari. Nikatazama mchele.

Ijumaa, 2 Aprili

Mtoki umelainika. Nimeugusa mwenyewe, kwa kidole kimoja kama nesi. Ulikuwa kokwa, sasa ni kama tunda bovu. Nimepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje na miavuli. Mama Chiriku alikuwa anafua. Aliinua kichwa, akanitazama, akainama akaendelea kufua.

Ijumaa, 9 Aprili

Amerudi bucha. Ametoka anapiga mluzi.

Jumamosi, 10 Aprili

Amempiga mkewe kwa ndoo. Eti chai ilipoa.

Jumapili, 11 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 17 Aprili

Jirani yetu fundi bomba alizibua mfereji wa maji ya mvua, maji yakaelekea mlangoni kwetu badala ya kwake. Jambo la koleo mbili za udongo. Angeambiwa angegeuza.

Shoka alitoka na koleo akampiga nalo mkono. Kwa bapa kwanza. Fundi akasema, "Ndugu yangu, tuzungumze." Shoka akageuza koleo, akampiga kwa makali yake. Mfupa ukatoka, mweupe, mvua ikauosha hapohapo. Fundi akakaa chini kwenye maji akiutazama mkono wake kama si wake. Watoto wote wa ua walikuwa wanaona. Chiriku alikuwa anaona, kimya, na Chiriku hajawahi kuwa kimya.

Nimepiga magoti mara mbili leo. Kwanza kwenye tope, mbele ya mke wa fundi. Yule mama hakunitukana. Alisema tu, "Dada yangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umemchelea, tunalia sisi."

Mara ya pili kituoni. Afande wa zamu ananifahamu, ana masharubu na subira. "Mama, umekuja tena?"

"Afande, ni mgonjwa yule. Ana saratani. Ni mwanangu, namjua. Hatarudia."

"Unamjua kweli?"

"Nimemzaa, afande."

Akapuliza hewa kwenye masharubu, akafunga daftari. "Haya, kwa sababu yako wewe."

Njiani mvua ilininyeshea yote. Maneno yangu yalikuwa yananirudia: namjua, namjua. Nimeyasikia mahali, na si mdomoni mwangu. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka ni wapi: kwa daktari, yule askari wa doria.

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 23 Aprili

Shoka ametokwa na mabaka meupe. Mikononi kwanza, sasa pembeni mwa mdomo na kope moja. Anajisugua kwa jiwe la kuogea mpaka damu.

Jumanne, 27 Aprili

Daktari alipoyaona mabaka aliruka kama ameshinda bahati nasibu. Akamwita nesi, nesi akaita wengine, wote wakamzunguka Shoka wanashangilia mikono yake.

"Hii ni dalili nzuri mno! Ule ugonjwa ulianzia kwenye chembe zinazotia ngozi rangi. Askari wamehitimu vizuri, mama, mpaka wanawakamata na ndugu zake wanaofanana naye. Ndiyo maana rangi inatoka."

"Ndugu wasio na kosa?" nikauliza.

"Hao hawana kosa. Lakini afadhali hivyo."

Wamempandikiza sifongo ya pili, paja lilelile, juu kidogo ya kovu. Masharti yaleyale. Nesi akanikonyeza: "Wewe sina haja ya kukuambia."

Nilitaka kumwambia hongera ile si yangu. Midomo ilifunguka, Shoka akanitazama, midomo ikafungika.

Njiani Shoka alisema tu: "Ngozi yangu inakufa, wao wanacheka."

Jumanne, 4 Mei

Bucha wamempa jina jipya. Mteja mmoja kijana alisimama nje akapaza sauti: "Jamani, leo muuzaji ndiye ng'ombe! Mabaka yote haya, tukate upande gani?" Watu wakacheka. Wengine wamehamia bucha ya ng'ambo, wanasema hawali nyama iliyoshikwa na mikono ile.

Yule kijana alikimbia, ana mbio. Mama Chiriku hakukimbia, kwa sababu alikuwa anatandika kitanda na hajui habari.

Shoka alimpiga mgongoni kwa kile chuma cha kunolea visu. Nilisikia kutoka chumbani kwangu. Ni sauti ya kukung'uta vumbi la godoro. Nilikuwa nimeshika mlango. Nimeushika mlango ule muda wote, mkono kwenye komeo, mpaka sauti ikaisha. Sikufungua.

Jumamosi, 8 Mei

Ngoja niandike polepole.

Mvua haikukatika tangu alfajiri. Shoka alikwenda bucha. Mimi nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikamwambia Mama Chiriku, "Njoo nikukande mgongo. Wewe hujakatazwa na nesi." Alitabasamu kidogo na lile pengo lake. Mara ya kwanza kuniruhusu.

Akavua blauzi akakaa kwenye kigoda. Mgongo ule sitaki kuueleza. Una mistari kama wavu wa kuchomea nyama, mingine myeusi, mingine ya kijani. Nikawa nabonyeza kitambaa taratibu, anasisimka, anatulia. Chiriku ameshika sabuni, anatusimulia habari za paka. Maji yakapoa kwenye beseni, nikarudisha birika jikoni yachemke mengine.

Mama Chiriku akasema, mgongo amenigeuzia, "Mama, nimefunga mzigo. Dada yangu ananisubiri. Naondoka na mtoto leo. Nilitaka kukuaga, sikutaka uamke utukose."

Kabla ya siku ile ya komeo ningemwambia vumilia. Maneno hayo nimeyasema miaka yote, yanatoka yenyewe kama jasho. Nilisema, "Mzigo uko wapi nikusaidie?"

Ndipo mlango ukafunguka. Umeme ulikatika bucha, hapakuwa na biashara, amerudi. Akaona mzigo kabla hajatuona sisi.

Hakupiga kelele. Siku zote hupiga kelele, leo hakupiga, na hapo ndipo niliogopa. Alimwendea, akamshika mkono wa kushoto, akauzungusha mpaka ukalia. Mama Chiriku akaanguka chali. Shoka akapandisha mguu wa kulia juu ya shingo yake, unyayo uleule uliokatwa doa, akaegemea. Alikuwa na kaptura. Niliona bandeji ya sifongo pajani, nyeupe, safi, nimeibadilisha mimi mwenyewe asubuhi.

"Unakwenda wapi na uso wa kucheka? Unakwenda kumwambia nani mume wako ni ng'ombe?"

Macho ya mkewe yalikuwa yanatoka. Miguu yake ilikuwa inapiga sakafu, kisha ikapiga kidogo, kisha haikupiga.

Nilisema, "Mwanangu, basi." Hakunisikia. Nikamvuta shati, akanisukuma kwa kiwiko, mdomo ukajaa damu. Nikapiga magoti. Ndiyo, hata hapo, magoti yalikwenda yenyewe. Nikamshika mguu nikasema nakuomba, mwanangu, nakuomba. Akaegemea zaidi.

Chiriku alikuwa kando ya jiko. Hakulia. Alinitazama mimi, wala si baba yake. Akasema, "Bibi, maji yamechemka."

Sijui kama mtoto alijua alichosema. Nimejiuliza mchana wote.

Nilisimama nikachukua birika. Ningemmwagia mgongoni, maji yangetiririka yakamwunguza mwenzake aliye chini. Mguu ule ndio uliokuwa unaua. Mguu ule ndio wenye dawa. Nilijua sifongo iko wapi, nilijua moto unaifanya nini, mimi kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Nilielekeza mdomo wa birika kwenye bandeji nikamimina lote.

Alilia "Mama!"

Alivyolia siku ile ya mlango. Vilevile.

Mguu uliinuka. Nikamvuta Mama Chiriku kwa kwapa mpaka uani, kwenye mvua, mtu mzima yule, visigino vinaburuta matope. Akapumua kwa sauti ya msumeno. Mke wa fundi bomba akatoka na mwiko, fundi mwenyewe akatoka na bandeji yake na nyundo kwenye mkono mzima, wakasimama mlangoni kwetu. Shoka alikuwa ndani anapiga kuta.

Nikaenda kituoni bila viatu. Afande mwenye masharubu akaniona nilivyo, damu na maji. Akahema. "Mama, umekuja kumwombea?"

"Nimekuja kuwaita," nikasema.

Akabaki amenitazama, kama hakunielewa lugha. Ikabidi niseme tena.

Jumapili, 9 Mei

Mama Chiriku hospitali. Mkono umevunjika, shingo haikuvunjika, asante Mungu. Shoka yuko wodi nyingine ya palepale, amefungwa pingu kitandani. Nilikaa kwenye korido katikati.

Jumatano, 12 Mei

Nilimwambia daktari yote. Na habari ya hongera pia, kwamba aliyezuia mkono wangu ni mke, na malipo yake yalikuwa jino. Nesi alikuwepo. Alikaa chini.

Nikauliza, "Nimemuua mwanangu?"

Daktari alivua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa. "Ile ya pili imekwisha, mama, siwezi kukudanganya. Lakini ya kwanza iliachwa ikayeyuka kwa wakati wake. Waliokwisha kujifunza hawasahau upesi. Tutampiga picha ndipo tutajua."

"Na akiwa mahabusu, mtamtibu?"

"Tutamfuata hukohuko. Hilo nakuahidi."

"Basi mfuateni. Nataka apone. Msinielewe vibaya, nataka apone."

Nesi akanisindikiza hadi nje. Hakunipiga bega. Alinishika mkono tu, tukasimama tukitazama mvua.

Ijumaa, 14 Mei

Mama Chiriku ametoka, yuko kwa dada yake. Nimempelekea lile jino, sikujua nilifanye nini. Alilitazama akacheka, kicheko cha kweli, na pengo lote. "Mama, nilipande kama mbegu?" Chiriku akasema ndiyo, tulipande, tukalichimbia kwenye kopo la maua.

Alhamisi, 20 Mei

Picha imetoka. Daktari alinipigia simu mwenyewe. Mtoki hauonekani tena, na kwingine hawakuona kitu. Watamwangalia miaka, lakini leo hakuna.

Nilikaa kwenye kigoda nikalia mpaka chai ikapoa. Atakuwa hai. Mwanangu atakuwa hai.

Mvua ilinyesha kidogo, ya kuaga.

Jumatatu, 24 Mei

Jua. Mtaa mzima umetoa magodoro nje.

Mahakamani nilikaa benchi la mbele, ndiko nilikozoea kukaa. Mama Chiriku alikuwa nyuma na dada yake, mkono kwenye plasta. Shoka aliletwa. Amenenepa kidogo. Mabaka yamefika shingoni, yanampendeza hata. Anachechemea pale nilipomchoma, lakini anasimama wima, mzima, kifua mbele, kama baba yake siku ya harusi yetu. Moyo wangu uliruka, siwezi kuukataza.

Walisoma mashtaka. La mkewe, la fundi bomba. Yule mteja wa mizani naye alikuja mwenyewe, na kovu.

Hakimu akainua macho. "Mshtakiwa anaomba dhamana. Yupo hapa mtu anayemjua, wa kumdhamini?"

Watu wote walinigeukia. Afande alinigeukia. Shoka aligeuka taratibu, akaniona, uso ukafunguka. Aliinua kidevu kidogo, vile anavyofanya akitaka nimletee shati.

Hakimu akauliza tena.

Magoti yangu yalianza kwenda yenyewe. Niliyashika kwa mikono miwili, nikayabana kwenye benchi, nikabaki nimekaa.